Mafuta ya senene: yana nini ndani, na kwa nini yanachacha upesi

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Nauza senene wa kukaanga Nyendo, hapa Masaka, Uganda. Msimu ukikolea, karai linabaki na mafuta mengi ya rangi ya dhahabu ambayo sikuyaweka mimi. Nimeanza kuyachuja na kuyatia kwenye chupa za maji ya kunywa. Wateja wengine wanasema yana omega-3 na yanatibu presha. Mume wangu anasema ni kolesteroli tupu. Asubuhi za baridi yanaganda nusu chupa, na yakikaa wiki mbili tatu yananuka kama rangi ya ukutani. Jirani ananishauri ninunue mashine ya kukamua. Je, ni chakula bora? Na kuna biashara hapo? Halafu, mfugaji mmoja alinionyesha Kampala mafuta ya funza wa nzi askari mweusi, nayo je?"

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Nianze na mashine, maana hapo ndipo pesa yako inapoweza kupotea: usiinunue, walau si kwa ajili ya senene. Tupige hesabu. Senene aliyenyonyolewa mabawa na miguu, kabla hajaguswa na moto, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni maji. Akikaushwa sawasawa, mafuta huwa kati ya theluthi moja na nusu kasoro kidogo ya kinachobaki. Sampuli za Kenya na Uganda zilizopimwa maabara ziliangukia humo, nyingine kwenye asilimia 35 hivi, nyingine zikikaribia 48. Basi kilo 10 za senene safi zinakupa kilo 3 na ushei za senene mkavu, na humo mna kilo moja hadi moja na nusu ya mafuta. Mashine ndogo haitoi yote, sehemu inabaki kwenye mashudu. Utaambulia lita moja hivi, kutoka kwenye bidhaa ambayo mwanzoni mwa msimu wewe mwenyewe unaiuza ghali kuliko nyama ya ng'ombe. Nani atainunua lita hiyo kwa bei ya kukurudishia mtaji, na duka la jirani limejaa mafuta ya alizeti na ya mawese?

Mafuta yanayojitoa yenyewe karaini ni habari nyingine. Hayo umekwisha kuyalipia pamoja na senene, na hayo ndiyo tuyazungumze.

Senene wanaoangukia kwenye mapipa yenu ya mtego Novemba, na tena Aprili na Mei, ni wadudu walio safarini. Wamekula mbegu za nyasi na nafaka changa, wakahifadhi akiba tumboni kwa ajili ya kuruka na kutengeneza mayai. Kumbikumbi naye ni hivyo hivyo, pengine zaidi: akishatoka kichuguuni na kupukutisha mabawa, yeye na mwenzake wanaanzisha koloni jipya kwa kuishi kwa akiba ya mwilini mpaka watoto wa kwanza wawe vibarua. Ndiyo maana kumbikumbi mkavu naye hukaribia nusu mafuta, ilhali mchwa kibarua wa kichuguu kilekile hana kitu. Ukimtia karaini mdudu wa namna hii, joto linapasua tishu, maji yanaondoka kwa mvuke, mafuta yanabaki chini. Wale wateja wanaokuambia senene wa kijani ana mafuta kuliko wa kahawia, wape huyo wa kijani wakitaka, lakini tofauti iliyopimwa ni ndogo mno.

Sasa yana nini. Mafuta yoyote ya kula, yawe ya simsim, ya samli au ya mdudu, yamejengwa kwa asidi za mafuta zilizoshikwa tatu tatu kwenye gliseroli. Zilizo humo ndizo zinazoamua mafuta yagande au yawe majimaji, yadumu au yachache, yafae moyo au yauelemee. Kwa senene wa kwetu picha ni hii kwa takribani: asidi ya palmitiki, ambayo imeshiba (ya aina inayoganda upesi), inachukua kama asilimia 30, linoleiki, ambayo ni omega-6, nayo karibu 30, oleiki, ile ile inayotamba kwenye mafuta ya zeituni, kama robo, steariki 5 au 6, na alfa-linoleniki, omega-3, asilimia 3 hadi 4. Kumbikumbi ana sura tofauti. Kwake oleiki inakaribia nusu ya mafuta yote, palmitiki inafuata, linoleiki ni kama sehemu moja ya kumi, na omega-3 ni kidogo sana.

Usizichukue namba hizi kama mhuri. Senene waliofugwa kwenye majaribio, wakalishwa vyakula tofauti, walitoa mafuta tofauti: alichokula mdudu kinaonekana kwenye mafuta yake. Mzigo wa Novemba na mzigo wa Mei unaweza kutofautiana, na wa Masaka usilingane na wa Hoima. Kwa hiyo ukiona mtu amechapa kwenye lebo asilimia ya omega-3 mpaka desimali mbili, bila kupima mzigo wake mwenyewe, jua ameinakili.

Haya, omega-3. Wateja wako hawajadanganya, ila wametia chumvi. Ipo, na kwa mafuta ya kupikia asilimia 3 au 4 si haba, kwa kuwa alizeti karibu haina kabisa. Mwaka 2020 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walichapisha kazi yao ya kulinganisha mafuta ya senene na ya nzige wa jangwani na mafuta ya zeituni na ya simsim. Ya wadudu yaliyashinda ya mimea kwa omega-3, kwa flavonoidi (viambata vitokavyo kwenye mimea) na kwa vitamini E. Wakaenda mbali zaidi, wakayaokea biskuti. Sasa tazama upande wa pili. Omega-3 ya senene ni ya mimea, kwa kuwa ametoka nayo kwenye majani na mbegu. Ile inayojenga ubongo wa mtoto na macho yake ni DHA, na mwili wa binadamu hugeuza sehemu ndogo tu ya alfa-linoleniki kuwa DHA. Mama akikuuliza ampe nini mwanawe kwa ajili ya akili, mwelekeze kwa muuza mukene. Samaki yule mdogo wa ziwani ana DHA iliyokwisha kuundwa, na bei yake haimfukuzi mtu.

Kuhusu presha: hapana. Hakuna mafuta yanayotibu presha, na aliyeandikiwa vidonge hospitali ya Masaka Referral aendelee navyo. Kinachojulikana ni kwamba mtu akila mafuta yasiyoshiba mahali pa yaliyoshiba, kolesteroli mbaya ya damuni hushuka. Neno muhimu ni "mahali pa". Kuongeza kijiko kikubwa cha mafuta ya senene juu ya karai la mawese hakupunguzi kitu. Kunaongeza kalori 120 hivi, kwani gramu moja ya mafuta, yatoke kwa mdudu au kwenye mbegu, ina kalori 9.

Mume wako naye ana hoja yake. Mafuta ya wadudu yana kolesteroli, tofauti na ya alizeti. Ajabu ni kwamba mdudu hawezi kuitengeneza mwenyewe kama sisi; anakula steroli za mimea (ndugu za kolesteroli) na kuzigeuza, na nyingine zinabaki kama zilivyokuja, kwa hiyo ndani ya mafuta yake unakuta zote mbili. Kwa mtu mzima anayekula senene wa msimu, kinachopaswa kumshughulisha zaidi ni ile theluthi moja iliyoshiba. Mafuta ya senene yako katikati: hayajashiba kama ya nazi wala samli, lakini si mepesi kama ya alizeti. Mwambie mzee "tupu" alizidisha.

Hiyo theluthi ndiyo inayokugandishia chupa. Asidi iliyoshiba imenyooka, inajipanga na wenzake na kuwa chembe ngumu mara baridi inapoingia, na asubuhi za Masaka zina baridi ya kutosha. Unaona ukungu, kisha utando mweupe chini, juu kumebaki majimaji. Hakuna aliyekuchanganyia kitu. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yatarudi. Ukitaka, yaache yagande, mimina ya juu uyauze kwa ajili ya kachumbari na mboga, ya chini yabaki ya kukaangia. Viwanda vya mawese hufanya hivyo hivyo kwa mitambo.

Nikae zaidi kwenye harufu, maana humo ndimo mlimo na ugomvi wote wa mafuta haya.

Pua yako imesema kweli kuliko unavyodhani. Rangi za mafuta za zamani zilitengenezwa kwa mafuta ya kitani, ambayo yamejaa alfa-linoleniki, omega-3 ileile wanayoisifu wateja wako. Kila mahali ambapo asidi isiyoshiba ina kiungo maradufu, pana mlango ulioachwa wazi. Oleiki ina mmoja, linoleiki miwili, alfa-linoleniki mitatu. Oksijeni ya hewani inaingilia hapo. Kwanza hutokea peroksaidi, ambazo hazina harufu wala ladha, kisha peroksaidi zinavunjika na kutoa aldehaidi, na hizo ndizo unazonusa. Ukishanusa, jua kazi ilianza siku nyingi. Kwa hiyo sifa ya omega-3 na ila ya kuchacha haviachani: kumbikumbi, aliye na oleiki nyingi, mafuta yake huvumilia kuliko ya senene.

Vitamini E iliyomo ndiyo mlinzi, na senene anayo kwa wingi. Lakini mlinzi huyo hujitoa mhanga, anatumika na kwisha, na wewe unamchosha mapema kwa njia kadhaa. Mwanga, kwa kuwa chupa ya maji ni nyeupe na inakaa mezani juani. Hewa, kwa kuwa plastiki ile nyembamba huipitisha polepole na chupa isiyojaa ina hewa juu. Chuma chenye kutu na shaba, ambavyo hata kwa chembe ndogo huharakisha kazi mara nyingi. Pipa lenye kutu na karai lililochubuka ni maadui. Na joto, tena joto la kurudiarudia. Mafuta yaliyobaki baada ya karai la kwanza na yale ya karai la kumi la siku hiyo hiyo hayana undugu. Ya kumi yamekuwa mazito, meusi, yana povu. Hayo usiyachupishe hata kidogo.

Kuna adui mwingine anayeanza kazi kabla ya karai, na huyu wauzaji wengi hawamjui. Senene akifa, vimeng'enya vyake vya tumboni havifi naye. Vikikaa kwenye gunia lenye joto usiku kucha, vinaendelea kukata asidi za mafuta kutoka kwenye gliseroli, na bakteria wanasaidia. Asidi zilizokatwa hivyo huyapa mafuta ukali kooni, huyafanya yatoe moshi upesi karaini, na huchacha haraka kuliko zilizofungwa. Mzigo unaotoka mbali ukiwa umelundikwa kwenye gunia la plastiki unafika umekwisha kuharibika kwa ndani, hata kama senene wanang'aa. Dawa yake ni maji yanayochemka: watumbukize dakika chache, mara tu baada ya kunyonyoa, na vimeng'enya vitakufa. Ukiweza kununua walio hai, usikubali wengine.

Ukitaka mafuta ya kuweka, basi, usiyachukue kwenye karai la kitunguu. Kitunguu kinaacha maji na vipande vinavyoungua. Tena mtu akikushauri kuloweka kitunguu saumu kibichi ndani ya chupa ili kinukie, mkatalie: ndani ya mafuta hakuna hewa, na kijidudu cha botulizimu hupenda mahali pa namna hiyo, sumu yake huua. Chukua senene waliochemshwa na kuchujwa, wape moto mdogo kwenye sufuria ya aluminiamu au ya chuma kisichoshika kutu, bila chumvi wala kiungo, mpaka mafuta yajitoe na mapovu ya maji yakome. Yakikoma, umeondoa maji. Chuja kwa kitambaa kizito, yaache yatulie usiku mmoja ili masimbi yazame, mimina ya juu taratibu. Tia kwenye chupa ndogo za kioo cha kahawia, zilizokauka kabisa, ujaze mpaka shingoni. Giza na ubaridi. Ukiwa na friji, bora zaidi. Hata hivyo usimwahidi mteja miezi sita; hesabu majuma, na chupa ikifunguliwa itumike.

Kupima ni jambo la maabara, na gharama yake si ya kutisha kwa vipimo viwili vya mwanzo. Mafuta ya kula ambayo hayana kiwango chake peke yake yana mipaka ya jumla ya Codex Alimentarius, viwango vya kimataifa vya chakula: kwa yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani, peroksaidi isizidi milliekwivalenti 15 kwa kilo, na namba ya asidi isizidi miligramu 4 za potasiamu haidroksaidi kwa gramu. Peroksaidi inakueleza hewa imefanya nini, namba ya asidi inakueleza senene walitendewaje kabla ya karai. Angalia mtego mmoja: moto mkali huvunja peroksaidi, kwa hiyo mafuta yaliyochoka kwa kukaangiwa yanaweza kutoa namba nzuri. Pua bado inahitajika.

Ukishuku kuwa muuzaji mwenzako anachanganya, namba ya iodini inasaidia kwa kiasi. Inapima viungo maradufu. Nikitumia ule mchanganuo niliotaja juu, mafuta ya senene yanapaswa kuangukia kwenye 80 na kitu, jirani na zeituni, na ya kumbikumbi kwenye 60 na kitu. Mawese ni 50 na ushei, alizeti ya kawaida ni 118 kwenda juu. Namba ikitoka 110, shuku alizeti humo. Mjanja akichanganya alizeti na mawese kwa kipimo atapita hapo, lakini hatapita kwenye kromatografia ya gesi, inayohesabu asidi moja moja.

Umetaja pia, mwishoni mwa barua, mafuta ya funza wa nzi askari mweusi ambayo mfugaji mmoja alikuonyesha Kampala. Hayo ni mengine kabisa. Yamejaa asidi ya lauriki, mara nyingi asilimia 40 na zaidi, kama mafuta ya nazi, huganda upesi na hudumu. Yanafaa sabuni na chakula cha kuku na nguruwe. Usiyaweke kwenye meza moja na ya senene.

Tuje kwenye biashara. Yauze kama kiungo cha kunukiza: kijiko juu ya matoke yaliyoiva, juu ya dodo (mchicha), kwenye wali. Chupa ndogo, bei kubwa, kwa wale wanaolilia ladha ya senene msimu ukiisha. Kuyauza kama mafuta ya kukaangia ni kuyapoteza, maana yakipata moto mkali harufu yake nzuri inakwenda na vitamini E inakwenda. Ukifika hatua ya kuweka lebo na kupeleka madukani, utahitaji alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Waone kabla hujachapa lebo, na lebo isitaje ugonjwa wowote.

Na yule senene aliyebaki baada ya kutoa mafuta usimtupie kuku. Protini yote iko kwake, madini ya chuma na zinki yako kwake, vitamini B12 iko kwake, kwa kuwa hivyo haviyeyuki kwenye mafuta. Mafuta yanabeba vitamini E kwa wingi, lakini A kidogo tu, wala hayawezi kuziba nafasi ya mafuta ya kiwandani ambayo hapa Uganda huongezwa vitamini A kwa kanuni. Senene aliyepunguzwa mafuta hudumu mkavu muda mrefu kuliko mzima, anasagika vizuri, na unga wake ukitiwa kwenye uji wa mtoto anayeanza kula, pamoja na tone la mafuta yale yale, unafanya kazi ambayo mafuta peke yake hayawezi. Mkaushe hasa, maana aflatoksini, sumu ya ukungu, hukaa zaidi kwenye unga kuliko kwenye mafuta. Viuatilifu, vile vinavyodumu, ni kinyume: vinapenda mafuta. Kumbikumbi wa kichuguu kilichomwagiwa dawa ya mchwa asifike kwako.

Limebaki la mzio. Anayevimba midomo au kutoka vipele akila kamba au kaa, mara nyingi huathiriwa na senene pia, kwa kuwa protini inayomsumbua, tropomiosini, wanayo wote. Mafuta safi hayapaswi kuwa na protini, lakini yako yamechujwa kwa kitambaa, na chembe zimo. Liandike hilo kwenye chupa kwa herufi za kusomeka, na mteja akikuambia hali kamba, usimwonjeshe hata kwa ncha ya kijiko.